Shali ya Bi Kondoo

Hapo kale, wanyama wa Unst, kisiwa cha kaskazini kabisa kati ya vile vinavyokaliwa na watu katika visiwa vya Shetland huko Uskoti, waliishi kwa sufu na upepo. Sifa yao ilikuwa shali ya lesi, nyepesi hata shali nzima hupenya kwenye pete ya ndoa. Bi Kondoo alikuwa fundi wa shali hizo. Sufu aliinyonyoa shingoni mwake mwenyewe, pale ilipo laini kuliko kwingine, akaisokota taratibu mpaka ikawa uzi.

Asubuhi moja ya majira ya kuchipua, bila kuulizwa na yeyote, Bi Kondoo alipanda juu ya ukuta wa mawe akatangaza: "Shali yangu itakuwa tayari siku ile ndefu kuliko zote, mwezi wa Juni!" Hapakuwa na harusi. Hapakuwa na mtoto wa kubatizwa, wala mnunuzi aliyetoa hata arubuni. Lakini Kunguru alikuwa karibu, na neno likishaingia sikioni mwa Kunguru huwa mali ya umma.

Wiki haikuisha, kamati ikaundwa. Sungura, ambaye hajawahi kushika sindano, akawa mwenyekiti. Fisimaji akapewa hazina. Mgeni rasmi akateuliwa Farasi wa Shetland, mwenye kimo kifupi na hotuba ndefu. Kila jioni wajumbe walifika kwa Bi Kondoo kukagua maendeleo, wakanywa chai yake, wakamwuliza amefikia asilimia ngapi. Kwa muda wa kuwajibu, angemaliza safu mbili.

Lesi haifumwi kwa asilimia. Kila tundu lina hesabu yake: uzi huzungushwa mara moja juu ya sindano ili upatikane kitanzi kipya, kisha vitanzi viwili hufumwa kwa pamoja ili idadi irudi palepale. Ukisahau kimoja, ua lote huenda upande, nawe hutajua mpaka umefika safu kumi mbele. Hapo unafumua, kitanzi kimoja kimoja, kinyumenyume. Bi Kondoo alifumua sana. Alimaliza sehemu ya kati, akamaliza mipaka miwili kati ya minne, Juni ikaingia. Unst usiku wa Juni hauwi giza totoro, kwa hiyo hata kisingizio cha kukosa taa hakuwa nacho. Alifuma hadi macho yakaiva.

Mwanawe akamwuliza, "Mama, ukichelewa, nani atakuadhibu?"

"Mimi mwenyewe."

"Na siku hiyo alikupangia nani?"

"Mimi."

"Basi si umwombe huyo akuongezee muda?"

Bi Kondoo alifungua kinywa, akakifunga. Mwombaji na mwombwa walikaa ndani ya ngozi moja, na mwombwa alikuwa mgumu kuliko serikali.

Akaijaribu kamati. Sungura aling'aka: "Mialiko imekwisha kutoka! Ngoja ngoja huumiza matumbo, Bi Kondoo."

"Shali haina pindo, Mwenyekiti."

"Pindo ni awamu ya pili."

Siku ikafika. Shali ilivuliwa sindanoni ikiwa na mipaka miwili, haijafuliwa wala kuwambwa kwenye fremu. Waliowahi kufuma lesi wanajua kwamba kabla ya kulowekwa na kuvutwa, shali huwa rundo la uzi uliojikunyata, maua yake hayaonekani. Farasi alihutubia mpaka majani yakaisha miguuni pa wasikilizaji. Kisha pete ikaletwa. Shali iliingia upande huu ikatokea upande ule, haikukwama popote. Vifijo vikapanda. Kunguru akatangaza kwamba tangu kisiwa kiumbwe haijapata kuonekana shali nyepesi kama ile. Ilipenya kwa sababu nusu yake haikuwapo.

Farasi akavishwa. Upepo wa Unst haujui itifaki: vitanzi vilivyoachwa wazi vikaanza kuchopoka, kimoja kikimvuta mwenzake, na mgeni rasmi akarudi nyumbani na nyuzi shingoni. Sungura alieleza kuwa tatizo lilikuwa upepo, akaunda kamati ya kuuchunguza.

Bi Kondoo aliokota uzi wake, asiseme neno. Alirudisha vitanzi sindanoni, akafuma mipaka iliyobaki, akazungusha pindo pande zote nne, akaifua, akaiwamba kwenye fremu mpaka kila ua likafunguka. Ilikamilika Februari, siku ya mvua na baridi, ambapo hakuna mjumbe anayetoka nje. Mwanawe alipoijaribu kwenye pete ilipenya, pindo na yote.

Tarehe ya fundi humsukuma fundi afume. Ikiangukia mikononi mwa wasioshika sindano, humsukuma aache pindo. Nawe msomaji, ukialikwa kwenye uzinduzi, uwe wa shali, wa daraja au wa zahanati, usipige makofi kabla hujaoneshwa pindo.