Kwa Heshima ya Faini ya Shilingi Hamsini

Nairobi ni jiji la faini. Egesha gari bila kulipia, ukirudi utakuta askari wa kanjo wameshalifunga gurudumu. Tupa ganda la ndizi Moi Avenue, na mtu ambaye hukumwona popote atatokea nyuma ya nguzo akiwa na swali. Faini hizo sizisifu, wala wanaozitoza hawahitaji sifa zangu. Ninayotaka kuivika koja la maua leo ni faini moja duni, isiyojulikana mahakamani, isiyo na risiti: shilingi hamsini ninazotozwa Jumatano jioni na klabu yetu ya kuhudumia jamii, kwa makosa ambayo nusu yake sikujua kuwa ni makosa.

Watu wamesifu vitu vya ajabu zaidi. Lucian wa Samosata (si jamaa wa samosa) alimsifu nzi. Erasmus aliusifu upumbavu katika kitabu kilichochapwa mwaka 1511, na kila aliyekisoma akacheka akidhani anasemwa jirani. Washairi wetu wa Pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti. Sioni kwa nini faini ikose mtu wake.

Klabu yenyewe sitaitaja. Nisiseme hata kama ni ya simba au ya gurudumu, maana faini haina dhehebu. Wenzetu wa Lions, walioanza Chicago mwaka 1917 chini ya Melvin Jones, wana afisa ambaye cheo chake tukikitafsiri ni Msokota Mkia. Kazi yake ni kuchangamsha kikao kwa kutoza watu faini, na katiba yao ya mfano imempa madaraka ambayo marais wa nchi wangeyaonea kijicho: uamuzi wake haukatiwi rufaa, na yeye mwenyewe hatozwi ila kwa kauli moja ya wote waliohudhuria. Mipaka aliyowekewa ni miwili tu. Kiwango cha juu hupangwa na bodi, na mtu hatozwi zaidi ya mara mbili katika kikao kimoja. Rotary, waliowatangulia katika jiji hilohilo la Chicago mwaka 1905, wana sajini. Sisi tulichukua madaraka ya msokota mkia na uso wa sajini, tukavikabidhi kwa Mwalimu.

Mwalimu amestaafu. Alifundisha darasa la tatu kwa zaidi ya miaka thelathini, na mtu aliyetawala darasa la tatu anaona simu ikiwaka ndani ya mfuko wa koti. Chombo chake cha kazi ni kopo kuukuu la mafuta ya Kimbo. Kifuniko kilitobolewa kwa kisu cha jikoni na tobo likaenda upande, kwa hiyo noti ya hamsini haipiti ila ukiikunja mara mbili, jengo la KICC likunjwe kiunoni, kisha uisukume kwa kidole cha shahada. Sarafu huingia kwa kelele, noti huingia kwa aibu. Shughuli yote huchukua kama sekunde kumi, ukumbi mzima ukikutazama kidole. Faini yenyewe ni hizo sekunde kumi. Pesa ni ushahidi tu.

Na makosa? Kuchelewa. Kusahau beji. Simu kulia. Simu kutolia wakati mkeo amesema hadharani kwamba alikupigia. Kutokea gazetini. Kununua gari, kwa kuwa umejionyesha. Kuendelea na lile la zamani, kwa kuwa unaiaibisha klabu. Kushabikia Arsenal ni kosa la kudumu, hulipiwa kwa mwaka. Na kosa kubwa kuliko yote ni kumwita mwenzako kwa cheo. Katika jiji ambamo kila wa tatu ni Mheshimiwa, Daktari au Injinia, na asiye na cheo huitwa Bosi ili asijisikie vibaya, kopo la Kimbo ndiyo jamhuri ya pekee niliyowahi kuishi ndani yake. Aliyesamehewa ni Mwalimu tu. Tulijaribu kumwita kwa jina lake, ulimi ukakataa.

Tuna wakili mmoja ambaye ofisini kwake mteja akikohoa anaandikiwa ankara. Jioni moja aliingia dakika nane baada ya kengele.

"Simama," akasema Mwalimu.

"Mwalimu, kwanza nina hoja."

"Hoja ni hamsini."

"Lakini hujaisikia."

"Ndiyo maana ni hamsini. Nikiisikia ni mia."

Akalipa. Akarudi kwenye kiti akitabasamu kama mtoto aliyepewa nyota kwenye daftari. Mtu huyo sijamwona akitabasamu tena mahali popote, na nimewahi kuwa mteja wake.

Basi tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kikao chetu cha saa kumi na mbili unusu kikabaki na nusu saa ya kuishi, safari ya nyumbani ikiwa ndani yake. Tukahamia Zoom.

Klabu ya kuhudumia jamii haijilipii anasa, kwa hiyo tulitumia ile ya bure, inayokata kikao baada ya dakika 40. Mara mbili katibu alikatwa akisoma kumbukumbu za kikao kilichokatwa. Mwalimu naye alijitahidi, maskini. Lakini utamtozaje mtu kwa kuchelewa, ikiwa haingii mlangoni, jina lake linajitokeza tu kwenye kona kama mjusi ukutani? Utamtozaje kwa simu, na simu ndiyo ukumbi? Mmoja aliweka picha yake ya pasipoti akaenda kuoga. Alirudi akakuta amechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya miti. Jogoo aliwika wiki sita mfululizo katikati ya ripoti ya mweka hazina. Kila mtu aliapa ni wa jirani.

Wala kulipa hakukuwa kugumu. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa mwaka 2020, kutumiana hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukuwa na ada yoyote, ili watu wapunguze kushikana noti mikononi. Tangu M-Pesa izaliwe mwaka 2007 hakujawa na wakati mzuri zaidi wa kulipa faini ya hamsini. Kwa miezi yote hiyo mweka hazina wetu alipokea shilingi mia na hamsini, na hamsini kati yake zilikuwa za mtu wa Kitale aliyekosea namba akilipia maziwa. Tulimrudishia.

Tulikuwa wachoyo? Hapana. Wiki zilezile tulichangia barakoa, unga, bili za hospitali, jeneza. Mchango unaweza kuutuma ukiwa kitandani, taa zimezimwa. Faini haisafiri hivyo. Inataka kidole kisukume noti na watu waone. Nilikaa mbele ya skrini mwaka mzima na zaidi bila kutozwa hata thumni, na nakiri sikuwahi kujisikia huru. Nilijisikia kama kiti ambacho hakuna aliyekikalia.

Serikali nayo iliingia sokoni kwa bei za jumla. Kanuni za Aprili 2020 ziliweka faini ya hadi shilingi 20,000, au kifungo cha hadi miezi sita, kwa anayeonekana hadharani bila barakoa. Mkate wa faini ulipanda bei siku moja. Hakuna aliyetabasamu akirudi kwenye kiti.

Wenye akili katika kipindi hicho walikuwa akina mama wa chama cha mama yangu, Kangemi. Zoom hawakuihamia, kwa sababu mweka hazina wao anatumia simu ya kabambe. Walihamia chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mmoja wao, viti viko mbalimbali hadi ilibidi wapige kelele, na wakaiongeza faini ya kuchelewa kutoka ishirini hadi hamsini. Hoja yao ilikuwa kwamba anayechelewa anawachelewesha wote, na kafyu haimsubiri mtu. Sisi tuna kengele ya shaba, bendera na wimbo. Wao wana daftari la kurasa 48 na macho ya mama yangu. Nikitafuta asili ya kopo la Kimbo siendi Chicago, naenda chini ya ule mwembe.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Mwezi uliofuata tukaitana ana kwa ana. Hoteli za katikati ya jiji zilikuwa zimeanza kupungua: InterContinental ilishafungwa mwaka 2020, na Hilton, ule mnara wa duara uliokuwa alama ya kukutania tangu 1969, ungefuata mwishoni mwa 2022. Sisi tulipata ukumbi wa kanisa Westlands, bei nafuu, sakafu baridi.

Mimi hutoka Uthiru. Siku hizo Waiyaki Way haikuwa barabara, ilikuwa handaki la vita: nguzo za barabara ya juu zimesimama katikati kama meno, vumbi, koni za rangi ya machungwa, matatu zikitafuta njia mahali ambapo asubuhi palikuwa na njia. Nilishuka Kangemi, nikapanda boda, nikafika dakika ishirini na tano baada ya kengele, barakoa ikiwa nyekundu kwa vumbi. Nilikuwa na utetezi kamili, na kwa mara ya kwanza maishani ulikuwa wa kweli.

Mlango wa ukumbi ulilia. Watu wakageuka. Mwalimu, amekonda, akainua kopo bila neno na kulitikisa. Halikuwa na kitu ndani ila sarafu moja, pengine ya Machi 2020, ikapiga chuma: ko, ko, ko. Ukumbi ulipasuka kwa makofi. Nilikunja noti, nikasukuma. Baada ya hapo utaratibu ukaharibika kabisa. Wakili alisimama mwenyewe kuungama kwamba ile kamati ya miti haijawahi kukutana. Mwenye jogoo alijitaja. Mzee mmoja, mtu wa dini, alisema kwenye Zoom alikuwa amevaa shati na tai juu na kaptura chini, kwa miezi kumi na minane, na anataka kulipia kila mwezi. Mwalimu akamkumbusha kuwa mtu hatozwi zaidi ya mara mbili. Akalipa mara mbili, akaketi akinung'unika kwamba amedhulumiwa.

Barabara ile ya juu ilifunguliwa kwa magari Mei 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Tunaye mwenzetu wa Syokimau ambaye mwaka ule alikuwa akilipa shilingi mia tatu na kitu ili awahi kikao na kukwepa faini ya hamsini. Mwalimu alipopata habari alimtoza hamsini kwa ubadhirifu.

Vijana wa klabu wanasema mambo haya yamepitwa na wakati. Wanataka kikao mseto, nusu ukumbini nusu hewani, na faini, kama ni lazima, iende kwa wenye shida. Hili la pili lina uzito. Lions wanakumbuka kwamba mwaka 1925, kule Ohio, Helen Keller aliwaomba wawe watetezi wa vipofu. Matunda ya ombi lile yanaonekana hata hapa Loresho, ambako hospitali ya macho inayobeba jina lao huwaondolea watu mtoto wa jicho. Hamsini yangu haijamfungua mtu macho. Pesa za umma klabu inazipeleka kwenye huduma. Za wanachama zinaendesha klabu yenyewe. Kopo la Kimbo hununua majani ya chai, kamba ya bango, na betri za kipaza sauti ambacho hakijawahi kufanya kazi. Siwezi kuidaia faini utukufu usio wake. Lakini wiki ambazo kopo lilikuwa kimya, ile kliniki ya macho tunayoiandaa Kawangware hatukuifanya. Tulirudi kutozana, na kabla ya Pasaka tukawa tumebeba meza kwenda huko.

Mwalimu ana daftari pia, kwa ajili ya wasio na pesa mfukoni. Kikao cha mwisho kabla ya korona, mzee wetu mmoja alichelewa, akasema atalipa wiki ijayo. Iliandikwa: jina lake, kuchelewa, 50. Wiki ijayo haikuwako. Alifariki katikati ya mwaka, wakati mazishi yalikuwa ya watu kumi na watano, na sisi si jamaa. Tulimzika kwenye skrini, dakika 40.

Siku tuliporudi, watatu walitaka kumlipia hapohapo. Mwalimu alifunga daftari akalikalia.

Mwaka wa klabu hufungwa tarehe 30 Juni, na hesabu hupelekwa kwa mkaguzi, kijana mwangalifu, asiyependa vitu vinavyoning'inia. Kila mwaka anafika kwenye ukurasa ule, anaweka kidole, anauliza kwa nini deni hili la hamsini halifutwi. Na kila mwaka Mwalimu anamtoza hamsini kwa kuuliza.