Barua ya Wazi kwa Meneja wa Jengo Letu

Ndugu Meneja,

Sisi wapangaji wako wa ghorofa ya pili hapa Dar tunakupongeza kwa ukarabati. Bomba jipya la maji limefika jikoni kwa njia ya mkato, likikatiza juu kidogo tu ya boksi la meni swichi na mita za LUKU. Mwingine angelizungusha ukutani kwa elbo mbili na kipande cha bomba. Wewe umeziokoa elbo hizo, na bila shaka mhasibu alitabasamu.

Tulipohoji, fundi bomba alijibu kwamba bomba halivuji. Kweli, siku ile halikuvuja. Ila aliliunga palepale juu ya boksi, na sasa tone hujikusanya kwenye maungio, huning'inia, hujishauri kidogo, kisha hudondoka. Skrubu za boksi zimeshashika kutu. Mlinzi, kwa huruma zake, amelifunika kwa mfuko wa plastiki, mfuko uliopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Kwa hiyo tukinusurika na shoti, mgambo wanatusubiri nje.

Najua utatuambia kuna saketi breka. Ipo, ya ampia 32. Lakini hiyo imewekwa kulinda waya usiungue. Mpangaji hayumo kwenye hesabu zake. Balbu ya wati 10 kwenye volti 230 hula zaidi ya miliampia 40, na kiasi hicho, kisichoishtua kabisa breka hiyo, kikipita kifuani kinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Breka inayomjali binadamu ni ile inayokata umeme ukivuja miliampia 30. Tulipoiulizia, tukaambiwa imo kwenye bajeti ijayo. Maji nayo ni ya kisima, yana chumvi, na chumvi ndiyo huyafanya yapitishe umeme vizuri zaidi. Hata hapo hukutubania.

Ombi letu ni dogo. Mlete fundi umeme mwenye leseni ya EWURA azime umeme, afungue boksi, alikague na kufunga hiyo breka. Bomba nalo lihamishwe, lipite mbali pembeni au chini, popote ambapo likivuja maji hayataangukia boksi. Fedha za elbo mbili tumeshachanga, ziko kwa mlinzi getini. Risiti hatudai.

Wako katika giza la tahadhari,
Mpangaji