Meku Ajibu: Umepata? Nimepata, Baba

Barua tatu za safari hii zimetoka kwa watu wa Machame, au kwa watu waliotoka Machame wakaacha moyo na bati jipya kule juu. Ya kwanza: "Meku, shikamoo. Nina duka Mbagala. Nafungua saa kumi na mbili asubuhi, nafunga saa tano usiku. Wanangu wako nyumbani Nkwarungo na mama yao, na ada sijawahi kuchelewesha. Lakini nikipiga simu wananiambia, 'Shikamoo baba, ngoja nimpe mama.' Nimekosea wapi? Ni mimi, Mangi wa Mbagala." Ya pili: "Mume wangu hakutoa chozi hata kwenye msiba wa baba yake. Juzi Simba wamefungwa, amelia mpaka majirani wakaja kutoa pole. Huyu ni mzima? Mama wa Kyeeri." Ya tatu ni fupi: "Kijana wangu anasoma chuo Dodoma. Amenikumbatia stendi ya Moshi mbele za watu na kuniambia ananipenda. Kuna dawa? Baba wa Lyamungo."

Mangi, marahaba. Nianze na wewe, maana nikikujibu vizuri hao wawili nitawamaliza haraka. Umelipa kila ulichodaiwa, tatizo ni kwamba ulikubali kudaiwa hela peke yake. Najua utakachoniambia, kwamba ndiyo mila yetu: mwanamume wa Kichagga kazi yake kutafuta, maneno ni ya akina mama. Hapo ndipo ninapobisha. Hiyo unayoiita mila umri wake haupiti sana umri wa mibuni. Wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU tunayoijua. Ndani ya kihamba kimoja zikawa hazina mbili: mibuni ya baba, migomba na maziwa ya mama. Hela ya kahawa iliingia kwa msimu, nyingi kwa mkupuo, ikalipa ada na kuezeka nyumba. Hela ya ndizi iliingia kidogokidogo kila siku ya soko, ikanunua chumvi, mafuta ya taa na daftari. Sasa fikiria mtoto aliyekulia hapo. Daftari likiisha Jumanne, anakwenda kwa mama. Ada ikidaiwa Januari, anakwenda kwa baba, tena anatumwa, na akifika anasimama mlangoni. Hakuna aliyekaa chini akaamua baba awe mtu wa msimu. Ratiba ya malipo ndiyo iliyoamua.

Halafu, Julai 1989, mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mafungu ya kahawa sokoni ulivunjika na bei ikaporomoka. Wachumi wameandika mengi kuhusu wakulima walichopoteza kwa shilingi. Walichopoteza mezani pao hakikuandikwa sana. Ndizi ziliendelea kuuzwa, na kule Nronga akina mama walikwishajiunga kwenye ushirika wao wa maziwa, wakawa na hela isiyongoja msimu. Baba, ambaye cheo chake nyumbani kilikaa juu ya gunia la kahawa, akateremka mjini kutafuta kahawa ya aina nyingine. Kwako wewe inaitwa duka. Bidhaa imebadilika ila mkataba na watoto ni uleule, na simu imeukaza zaidi, kwa sababu siku hizi hata ule mlango wa kusimama haupo. Fungua ujumbe wako na kijana wako mkubwa uusome kuanzia juu. Nabashiri bila ramli: "Umepata?" "Nimepata, baba. Asante." "Soma." Unashuka mwezi unaofuata: "Umepata?" "Nimepata, baba."

Kama ungependa kujua kabla ya hela ya kahawa wanaume wa mlimani walikuwa mabubu kiasi gani, muulize Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyeishi miaka mingi Old Moshi. Aliandika mafundisho ambayo wazee waliwapa vijana wa Kichagga wakiingia utu uzima: namna ya kuishi na mke, ya kuheshimu wakwe, ya kujitawala. Yalichapishwa kati ya 1932 na 1938, yakajaza vitabu vitatu. Mabubu hawajazi vitabu vitatu. Na isale, jani lile lile linalopandwa kwenye mpaka wa kihamba, ndilo linalopelekwa kwa uliyemkosea kuomba radhi. Watu wasioruhusiwa kuonyesha hisia hawaoteshi mmea wa kuzibebea, tena karibu na kila mlango.

Msomaji mmoja mkali atanikatiza: "Meku, baba zetu nao hawakusema, na sisi tumekua." Kweli, ila tuangalie kimya chao kilikuwa cha wapi. Yule mzee alikuwa hapo hapo. Mtoto alimfuata kusafisha mfongo, yaani mfereji wa maji, alimshikia kamba ya ng'ombe, alimwona anavyompokea jirani aliyekuja na ugomvi na anavyomtoa akiwa amepoa. Asubuhi nzima bila neno, na mtoto amejifunza baba ni mtu wa namna gani. Kimya cha mtu aliye umbali wa zaidi ya kilomita 500 hakifundishi kitu. Kinafika na ada, kinaondoka na ada. Desemba tunapanda kwenda kuhesabiwa, nawe unafika tarehe 24, unakagua paa, unakagua migomba, unachinja mbuzi, unazungumza na wanaume wenzako mpaka mbege iishe, na tarehe 2 uko kwenye basi. Watoto wamehesabiwa kweli. Sina hakika kama wamezungumzishwa.

Mwingine atasema Meku anahubiri kwa sababu ameshiba, na hoja hii siipuuzi. Hela isipofika, hayo maongezi matamu hayamrudishi mtoto darasani, na shule nyingi zinazoipa Machame sifa zimesomesha watoto kwa kahawa ya wazee wasiojua kubembeleza. Isitoshe, nchi yenyewe inamhesabu baba hivyohivyo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, baba siku 3, tena azitumie ndani ya wiki moja baada ya mtoto kuzaliwa. (Siku tatu zinatosha kununua beseni.) Lakini Mangi, wewe hujaajiriwa, na sikuambii ufunge duka. Nakuambia usikilize unavyoongea ukiwa ndani yake. Mtoto wa mpangaji anakuja na mia tano kununua sukari. Kabla hujafunga kifuko umeshamuuliza mtihani wa hesabu umekwendaje, jino limeacha kuuma, na kaka yake amerudi? Maneno unayo, na muda pia unao, saa kumi na saba kila siku. Unawagawia watoto wa Mbagala kwa rejareja, bure, halafu wa Nkwarungo unawatumia jumla.

Kwa hiyo jaribu hivi. Piga simu siku ambayo hutumi hela. Mwanzoni mtoto ataingia wasiwasi, atadhani kuna msiba. Vumilia. Usiulize shule, kwa sababu swali la shule kwake ni swali la ada lililovaa suti. Muulize yule ndama ameanza kula majani, au nani siku hizi anakata isale za mpakani. Akisema "ngoja nimpe mama", mwambie mama utaongea naye baadaye.

Mama wa Kyeeri, mumeo ni mzima kabisa. Ametuthibitishia kwamba machozi anayo na yanatoka, isipokuwa amepata sehemu moja tu ambako wanaume wanaruhusiana kuyatoa, na hiyo ina magoli mawili. Msiba wa baba yake hakuupita, aliuahirisha. Siku Simba wakifungwa tena, usimcheke. Mletee chai, kaa naye, na mechi ikiisha mtaje marehemu mzee wake. Usishangae ukiona kilio kimebadilisha mada. Angekuwa wa Yanga ningekushauri vingine, lakini nafasi ya safu ni ndogo.

Baba wa Lyamungo, dawa haipo na huihitaji. Kijana wako amefanya bila kikombe cha mbege yale ambayo wewe unayatafuta kwa vikombe vitano. Unaogopa watu wa stendi? Wale wanatafuta abiria, si aibu yako. Safari ijayo weka mkungu wa ndizi chini kwanza, maana ukiukumbatia pamoja naye mtaumizana, kisha mjibu kwa lugha yoyote mnayoielewa. Konda akipiga kelele kwamba gari linaondoka, mwambie asubiri, nauli umelipa.