Kanuni za Matope: Mhadhara wa Kuvuka Elgon kwa Pikipiki

Mabibi na mabwana, itifaki izingatiwe, hasa ile inayonihusu mimi. Kaeni. Aliyesimama mlangoni akunje mwavuli. Mhadhara huu ni wa mvua, na mwenye kuogopa maji hataambulia kitu.

Mnayemwona mbele yenu ndiye bingwa wa kuvuka Mlima Elgon kwa pikipiki wakati wa masika, kutoka Kapchorwa, Uganda, hadi Suam, ambako mto wenye jina hilohilo unaitenga nchi hiyo na Kenya. Cheo hiki sikutunukiwa na chuo chochote. Hakijajengwa chuo chenye hadhi hiyo.

Tuanze na miamba, maana mbumbumbu ndio huanza na gia. Elgon ni volkano iliyozimika, na kilele chake, Wagagai, kina mita 4,321. Volkano hiyo ndiyo iliyoacha udongo unaostawisha kahawa na mahindi. Udongo huohuo ukilowa hujisindilia kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Hapo mtaalamu hufanyaje? Hushuka. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza, nami niliivumbua papo hapo, mara tu kijana wa bodaboda aliposema, "Mzee, shuka." Yeye akaokota kijiti, akachutama, akaanza kuchokonoa matope. Mimi nikashika mwavuli, juu ya kichwa changu, kwani ndicho kilichobeba nadharia.

Kanuni ya pili: kwenye mteremko weka gia ya kwanza, usibane breki ya mbele, na miguu uitanue kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Nayasema haya kwa uhakika, maana niliyatamka yote kwa sauti kuu nikiwa kiti cha nyuma. Kijana hakunijibu neno, na kimya, kama mjuavyo, ni ishara ya kuridhia.

Kanuni ya tatu ni ya hati. Pasipoti yangu niliifunga ndani ya kavera, na tone la maji halikupenya. Kufika Suam, ofisa akanikumbusha kwamba Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017. Nikamfafanulia kuwa sheria ile haikuwakusudia wasomi. Akachukua kavera, pasipoti akaniachia mimi na mvua.

Mpakani hapo pia kuna kadi mbili za njano: moja ya chanjo ya homa ya manjano, nyingine ya bima ya COMESA. Wajinga huzichanganya. Mimi nilimkabidhi mtu wa afya ile ya bima ya pikipiki, kwa makusudi, ili nipime umakini wake. Alifaulu.

Kijana wangu je? Alitoa kitambulisho cha taifa tu, kwani tangu 2014 Wakenya, Waganda na Wanyarwanda huruhusiwa kuvukiana hivyo. Yeye ni Msabiny, na ng'ambo ya mto wako ndugu zake Wasabaoti. Akasalimia kwa lugha yao, wakacheka, akapita. Nilipomalizana na meza ya mwisho nilimkuta keshakunywa chai, keshakaza na mnyororo. Hiyo siiiti elimu. Ni mazoea tu.

Wapo wanaonong'ona kwamba siku hizi kuna lami, kilomita 73 kutoka Kapchorwa hadi Suam. Ninailaani. Abiria anafika mkavu, mapema, bila kuhitaji mhadhiri! Heri njia za mashambani: huko viazi bado vinatolewa kwa kusukuma, na taaluma ingali hai.

Nimemaliza. Ada ya mhadhara nipewe mimi, taslimu. Mwenye swali la namna ya kuendesha amwone kijana hapo nje. Yupo, anasubiri nauli yake, ambayo bado naifanyia utafiti.