Mke Wangu Kageuka Mwanaume

Barua ya toleo hili imetoka Kiomboi, mkoani Singida. Kijana mmoja anayekamua na kuuza mafuta ya alizeti alimwandikia mnunuzi wa nje hivi: "My wife he discussed about your order. We are more better and we are doing this business since five years." Mnunuzi kanyamaza. Kijana anauliza afanyeje.

Kabla hajajibiwa, wasomaji wageni wafahamishwe kwamba Mshauri wa safu hii si mtu wa kubahatisha. Ndiye aliyesahihisha ubao wa mgahawa kule stendi, kwa chaki yake mwenyewe, mchana kweupe, mwenye mgahawa akiwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Waliokuwepo wanadai alikimbia. Mshauri anasema aliwahi ubao mwingine.

Sasa, huyo mke. Kiswahili humtosheleza kila mtu kwa "yeye" moja, awe bibi au babu. Kinyiramba na Kinyaturu, zikiwa lugha za Kibantu, nazo hazina shida hiyo. Kijana kakua bila kudaiwa na sarufi aseme kama anayetajwa ni mwanamke au mwanaume, basi akifika kwenye Kiingereza ulimi hudaka "he" na kusonga mbele. Watu hudhani kutenga uke na ume katika lugha ni mambo ya Ulaya. Wapi! Humu humu mkoani, wilaya ya Mkalama, upande wa Munguli, wanaishi Wahadzabe, na lugha yao yenye sauti za kidoko hutenga nomino za kike na za kiume. Jambo hilo Mshauri aliligundua mwenyewe. Wanaisimu walioliandika miaka mingi nyuma walibahatika tu kuzaliwa mapema.

Dawa ni kuku. Singida haijawahi kupungukiwa kuku wa kienyeji, maana matenga kwa matenga hupakiwa kwenda Dar es Salaam. Kila magharibi kijana akae mlangoni mwa banda. Jogoo akiingia, atamke kwa sauti: "He is late." Mtetea akipita: "She is tired." Yai ni "it". Kifaranga ambaye haijajulikana atawika au atataga naye ni "it", asubiri akue. Majirani wakicheka, awajibu kwa Kiingereza, watanyamaza. Baada ya wiki moja jogoo aletwe kwa Mshauri kwa ajili ya uhakiki. Mchele si lazima, lakini haukatazwi.

"Discuss about" ni ugonjwa wa maofisini, na wanaougua zaidi ni wenyeviti wa mikutano. Kiswahili kina ujanja wa kuficha "kuhusu" ndani ya kitenzi: zungumza, zungumzia. Asemaye "kuzungumzia kuhusu bei" amerudia kazi iliyokwisha kufanywa. "Discuss" nayo imekwisha kuimeza hiyo "about", haihitaji nyingine mgongoni. Kila "about" itakayozidi itozwe lita moja ya alizeti. Dumu lipo kwa Mshauri, ni safi.

Kwenye "more better" inabidi Mshauri awe mpole, kwa sababu kijana yuko pamoja na wakubwa. Shakespeare, katika tamthilia ya Julius Caesar, alimtamkisha Antony kivumishi chenye "most" mbele na "-est" nyuma, na enzi zile hakuna aliyemkatia alama. Tamthilia hiyo ndiyo Mwalimu Nyerere aliyoitafsiri, ikachapishwa mwaka 1963. Mwalimu na Mshauri wana mengi ya kufanana: wote wawili wameshika chaki. Siku hizi, hata hivyo, "better" hujitosheleza.

Wanaomcheka kijana nao waambiwe. Mtoto wa shule ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na hesabu zote zinamsubiri kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikaamua Kiingereza kibaki. Hakuna aliyepiga hodi kwa Mshauri kumuuliza, na ndiyo maana leo mama wa watu kule Kiomboi anaitwa "he".

Limebaki la "since". Hiyo ni stesheni uliyopandia treni. "For" ni urefu wa safari. Aliyeanza mwaka 2020 anasema "since 2020", au "for five years" ikitimia mitano, na kitenzi chake ni "have been doing", kwa kuwa biashara bado inaendelea. Mshauri alikusudia kulieleza hili kwa kurasa nne, pamoja na mchoro wa mawe makubwa ya Singida na picha yake akiwa juu ya mojawapo, lakini mhariri anagonga mlango kwa mara ya pili.

Haya, haraka. Aandike: "My wife and I have discussed your order. We have been doing this business for five years." Ile "better" aitoe kabisa, maana hajasema ni bora kuliko nani. Humo hamna "he" wala "she", lakini jogoo aje vilevile. Msomaji wa Itigi aliyeuliza kuhusu "informations" na "furnitures" aondoe hizo "s" mbili, maelezo toleo lijalo.