Josho la Flashi

Katika ukoo wetu, mtu akionekana mara moja tu akifungua laptopu ndani ya matatu, basi huyo ni fundi wa kompyuta mpaka siku atakayozikwa. Haijalishi kwamba kazi yangu Nairobi ni kukagua madai ya bima. Nimeshaitwa kutengeneza televisheni, king'amuzi, simu iliyotumbukia kwenye uji na, kiangazi kimoja kikali, pampu ya kisima. Binamu yangu anayejua kuchinja mbuzi huitwa Krismasi na kwenye harusi. Mimi ninayejua kubonyeza vitufe huitwa hata saa sita za usiku.

Safari hii aliyeita alikuwa mjomba wangu wa Mukuyuni. Niseme mapema kuwa ni Mukuyuni hii yetu ya Makueni, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote, si ile ya Bungoma, maana kuna jamaa aliyewahi kutumiwa nauli akaishia huko na mchango wa watu mfukoni.

Mjomba ni mwalimu mstaafu. Alipostaafu alipata kazi nyingine isiyo na mshahara wala likizo: ndiye anayeandika wasifu wa marehemu wote kuanzia sokoni mpaka ng'ambo ya mto. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Lazima kuwe na kijitabu chenye picha ya rangi, ratiba ya ibada, majina ya wajukuu wote bila kuruka hata mmoja (kuna mwaka aliruka mmoja, na ukoo ukakaa vikao mpaka mvua ikanyesha), na habari za marehemu tangu shule ya msingi hadi "ugonjwa wa muda mfupi alioustahimili kwa ujasiri." Akishaandika, huitia kazi kwenye flashi, flashi akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akapanda bodaboda hadi saiba kwenda kuchapisha. Kwenye laptopu yenyewe haweki kitu. Anasema laptopu inaweza kuibwa, lakini koti lake mwizi hawezi kulitamani.

Alinipigia nikiwa ofisini, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Mpwa wangu," akasema kwa sauti ya msiba, "maiti zangu zote zimetoweka."

Wenzangu waliacha kuandika.

"Zote, mjomba?"

"Zote. Na moja tunaizika Ijumaa."

Nilipofika kwake nilikuta laptopu imelazwa juu ya meza ya sebuleni, imefunikwa vitambaa vya kufuma, imepanguswa kwa sanitaiza iliyobaki tangu korona. Ni laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza. Kibandiko cha shule ya huko bado kiko mgongoni. Waya wa chaja umezungushiwa utepe mweusi sehemu tatu, herufi A imefutika kabisa, na kati ya vitufe kuna maganda ya kunde ya misimu mbalimbali. Ndani kuna Windows 7, ambayo Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, lakini kwa mjomba ilikuwa bado kazini, mstaafu mwenzake.

Niliiwasha. Tukanywa chai. Tukala muthokoi. Mkaza mjomba akaondoa sahani, akarudi, akauliza kama imeamka. Ilikuwa inaamka. Ilipoamka kweli, ikafungua madirisha ya kututangazia kwamba imeambukizwa, na kila dirisha lilikuwa la programu tofauti ya kupambana na virusi. Kijana mmoja mwema alikuwa amemwekea mjomba programu tatu kwa mpigo ili zisaidiane. Hazikusaidiana. Kila moja ilikuwa imewatambua wenzake kuwa ndio maadui, na vita hivyo vilikuwa vimemaliza nguvu zote za mashine huku virusi vyenyewe vikipita katikati bila kuulizwa kitambulisho.

Nikachomeka flashi ya mjomba. Kila folda ilikuwa imegeuka njia ya mkato ya kilobaiti moja. Mtu kaishi miaka tisini, kachimba matuta ya fanya juu mlima mzima, kapanda michungwa, kalea watoto kumi, kilobaiti moja.

Mdudu huyu si mgeni. Ukiwahi kuchapisha kitu kwenye saiba yoyote Afrika Mashariki, mmeshaonana. Hafuti chochote. Anaificha folda yako halisi kwa kuitia alama zilezile ambazo Windows hutumia kuficha faili zake nyeti, kisha mbele yake anaweka njia ya mkato yenye jina na sura ileile. Ukiibofya, kwanza anajiendesha yeye, halafu anakufungulia folda kwa heshima, nawe unaendelea na kazi bila wasiwasi. Kuanzia hapo kila flashi itakayochomekwa kwenye kompyuta hiyo inaondoka naye. Mara nyingi ameandikwa kwa VBScript, lugha ileile iliyotumika kuandika ILOVEYOU, ile barua ya mapenzi iliyotoka Manila Mei 2000 na kuangusha ofisi dunia nzima ndani ya siku chache. Aliyeiandika, Onel de Guzman, hakufungwa, kwa kuwa Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kumfunga.

Hapo mjomba aliinua kidole cha ualimu. "Sisi tunayo. Sheria ya mwaka 2018 ya matumizi mabaya ya kompyuta. Tumshtaki."

"Tumshtaki nani?" akauliza mzee jirani, mstaafu wa reli, aliyekuja kuangalia matibabu na kukalia kiti chenye mto. "Flashi ya mwisho kuingia hapa ilikuwa ya mkweo."

Kesi ikafia hapo.

Kuna Wakenya wanaoamini kwamba Mkamba akiibiwa kuku Jumatatu, Jumanne mwizi atakuwa amesimama uwanjani anawika. Wenzangu wa Nairobi hunionea wivu kwa jambo hilo. Na kweli mkaza mjomba, baada ya kuitazama skrini kwa muda, alipendekeza kwa sauti ya chini tutafute dawa ya kienyeji. Mzee wa reli alilikataa pendekezo kwa sababu za kitaalamu: kamuti, yaani dawa hiyo yetu, huhitaji unyayo, nywele au angalau jina la mtu, na huyu wetu hana lolote. Nikawaambia kwamba kirusi cha kwanza cha kompyuta za IBM, Brain, kilichotoka Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilikuja na majina ya ndugu wawili waliokitengeneza, Basit na Amjad Farooq Alvi, pamoja na anwani ya duka lao na namba za simu ili aliyeambukizwa awapigie.

"Hao walilelewa," akasema mkaza mjomba.

Mdudu wa njia ya mkato hakuwa peke yake. Nilipobonyeza F8 ili niiwashe Windows katika hali salama, nilipata skrini ya buluu, na hiyo kwa kawaida ni kazi ya Sality, kirusi kikongwe kinachojulikana tangu 2003. Hiki hujipachika ndani ya programu zenyewe, huzinyamazisha programu za ulinzi, na hufuta sehemu ya mfumo inayoruhusu hali salama, yaani humkuta daktari mlangoni akamfungia nje. Nikatoa flashi yangu yenye Ubuntu. Stima ikapotea. Betri ya ile laptopu haijawahi kuishi zaidi ya muda wa kusema "stima imepotea," kwa hiyo tukakaa gizani, kila mtu akitoa ushauri. Mwanakwaya mmoja alisema tuitoe betri na kuipuliza. Mwenye bodaboda, aliyekuwa anasubiri pesa yake tangu jioni, alisema zake huwa anazianika.

Stima iliporudi niliiwasha mashine kwa Ubuntu. Mfumo huu alianza kuutoa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na kwa usiku ule ulikuwa na sifa moja kubwa: hauzitambui zile alama za kujificha. Windows akiambiwa folda fulani imefichwa, anageuza uso. Ubuntu hakuambiwa. Anakuonyesha kila kilichomo, kilichofichwa na virusi pamoja na kilichofichwa na mwenye flashi.

Sikuwa nimefikiria kwamba mwenye flashi naye angekuwa na cha kuficha.

Marehemu walirudi wote, safu kwa safu, na sebule ikapiga makofi. Marehemu wa Ijumaa alikuwepo, mzima na wajukuu wake wote. Chini kabisa palikuwa na folda iitwayo "Matayarisho." Mjomba alinyosha mkono kufunika skrini, lakini nilikuwa nimeshaifungua. Ilijaa majina, na faili ya kwanza ilikuwa na jina la mzee wa reli kwa herufi kubwa, likitanguliwa na neno MAREHEMU.

Mzee alivaa miwani. Akasogeza kiti.

Mjomba akaanza kujitetea kwa mpangilio wa somo. Mtu akifa, alisema, jamaa wanamletea habari siku moja kabla ya kuchapisha, tena wanagombana yeye akiwaangalia: huyu anasema marehemu alisoma Machakos, yule anasema hakusoma kabisa. Mwenye kujua ni mwenyewe, na mwenyewe ndiye hayupo. Kwa hiyo ameona bora kuwahoji watu mapema, taratibu, kwenye chai. Hapo ndipo wengi sebuleni walipoelewa kwa nini mwalimu siku hizi amekuwa mchangamfu, anatembelea watu na kuwauliza walibatizwa mwaka gani.

"Soma," mzee akasema.

Nikamtazama mjomba. Mjomba akatazama dari.

Nikasoma. "Alijiunga na Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka wa 1971..."

"Sitini na tisa."

"...akahudumu katika stesheni ya Emali..."

"Sultan Hamud! Emali nilimshikia mtu likizo. Futa."

Nikafuta. Nikaandika Sultan Hamud.

"...aliugua kwa muda mfupi..."

"Nani amesema mfupi? Mgongo huu unaniuma tangu Jumuiya ivunjike, mwaka wa sabini na saba. Andika hivyo."

"...na kutuacha tarehe." Baada ya hapo palikuwa na nukta nyingi.

"Hizo ziache," akasema mzee. "Hizo ziko sawa."

Mkaza mjomba hakuomba kusomewa. Alichukua kipanya mwenyewe, mwanamke ambaye miaka yote amesema hajui kukishika, akaenda moja kwa moja kwenye jina lake. Mistari mitatu. Mmoja ulisema alikuwa mpishi hodari. Akamaliza kusoma, akasimama, akaingia jikoni, na kuanzia usiku ule mpishi hodari alikuwa likizo. Mimi na mjomba tulikula mkate mpaka nilipoondoka. Kabla sijaondoka niliona kwenye "Matayarisho" kwamba faili ya mkaza mjomba imefika ukurasa wa nne.

Laptopu niliifuta yote, nikaiachia Ubuntu moja kwa moja. Sality hana la kufanya humo, alizoea Windows. Ijumaa tukazika vizuri, kijitabu mkononi.

Lakini kutibu mashine moja Mukuyuni ni kazi bure. Nilimwomba mjomba anitajie flashi yake imepita wapi tangu Pasaka, akataja kwaya, shule, mweka hazina wa kikundi cha bwawa la mchanga, kamati mbili za harusi, saiba na ule ukoo wa mkwe. Kwetu flashi huazimwa pamoja na chumvi, na anayenyima flashi wakati wa msiba atakumbukwa vibaya. Kirusi kilikuwa kimetembea kote kilikotembea udugu, hakikukosa nyumba hata moja, na kusema kweli kwa upande wa kutembelea jamaa kilinizidi mimi.

Mjomba ndiye aliyepata dawa. Alikulia kwenye ng'ombe, na anajua kwamba ukiogesha ng'ombe wako halafu wa jirani asiogeshwe, kupe watarudi jioni hiyohiyo. "Tunaita mwethya," akasema. "Josho la flashi. Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe, kila mtu na yake."

Mwethya kwetu ni watu kutoka kwa wingi kufanya kazi ya pamoja, kuchimba matuta, kujenga bwawa. Kwa josho la flashi nilitarajia watu wachache. Walijaa uwanja. Flashi zilikuja zimefungwa kwenye leso, kwenye karatasi ya sukari, kwenye funguo za pikipiki. Mama mmoja alileta memori kadi ya redio yenye nyimbo za injili, na nayo ilikuwa mgonjwa. Niliketi na laptopu yangu, flashi inaingia, namfuta mdudu na njia zake za mkato, naziondolea folda zile alama, inatoka, inayofuata.

Baada ya muda nikatambua kwamba foleni ya kwangu inakwisha na ile ya mjomba inarefuka. Alikuwa amekaa upande wa pili wa mwembe na daftari. Mzee wa reli alikuwa amezungumza njiani kutoka kanisani. Watu walikuwa wamekuja kuulizia faili zao: kama zipo, zimeandikwa nini, na kama ule mwaka wa jela unaweza kuitwa "alifanya kazi Mombasa."

Mjomba alirekebisha, akaongeza, akakataa kuwapandisha vyeo wawili waliojiita mameneja. Ndipo bibi mmoja mwenye mkongojo, aliyekuwa amesimama juani muda mrefu kuliko wote, akafika mbele. Mjomba akapekua orodha kutoka juu hadi chini, akapekua tena, akamwambia kwa upole kwamba jina lake halimo, bado hajamwandikia.

Bibi akatugeukia sisi sote.

"Mbona mnanibagua?" akauliza. "Kwani mimi sitakufa?"