Kwapa Langu na Washauri Wake

Mwaka 2015 Rumonge ilipotolewa Bururi ikawa mkoa wa peke yake, tuligawana tarafa, ofisi na mihuri. Baridi ikabaki kwao milimani. Mwaka 2025 wametuunganisha tena ndani ya mkoa wa Burunga, na hata chembe ya hiyo baridi haijashuka. Sisi wa ufukweni bado tunaloa jasho saa mbili asubuhi, tena tumekaa tu kivulini.

Jasho nimelizoea. Kinachonichosha ni washauri. Sokoni nikinyoosha mkono kuonyesha fungu la ndagala, mama muuzaji, ambaye meza yake inanukia mpaka Nyanza-Lac, ananiambia: “Baba, paka ndimu.” Hiyo ndimu iulize kwapa lililonyolewa asubuhi. Shemeji yangu wa Bujumbura ndiye kiboko: alikuja na kichupa cha marashi, akanipulizia mwenyewe mbele ya watoto. Marashi juu ya kikwapa hayakifukuzi, yanakikaribisha sebuleni na kukipa kiti.

Na jasho lenyewe wanalionea bure. Likitoka halinuki. Harufu inatoka kwa vijidudu vya kwapani vinavyolila lile jasho zito la tezi zinazoamka mtu akibalehe. Ndiyo maana mtoto hushinda juani akicheza mpira, akarudi ananuka vumbi tu. Wakorea walio wengi wamezaliwa bila kero hii, wameirithi bahati hiyo kwa wazazi wao. Sisi wazee wetu waliturithisha michikichi.

Kinyozi ana jiwe lake la shabu, nalo linasaidia kuvipunguza hivyo vijidudu. Kwa jasho la kumwagika kama langu, afadhali dawa ya kwapa yenye chumvi za alumini, zinazoziba vitundu vya jasho. Ila ipakwe usiku, kwapa likiwa kavu, maana saa hizo tezi zimetulia na dawa inapata nafasi ya kushika. Ukiipaka asubuhi mbio mbio, hujafika hata stendi imeshachuruzika kiunoni. Halafu uvae pamba. Ile jezi ya nailoni hutunza harufu ya Jumapili mpaka Alhamisi, ifue utakavyo.

Haya yote nayafuata, kisha napanda Probox ya Bujumbura. Kilomita zaidi ya 70 kando ya ziwa, na kwa petroli hii ya kutafutwa kwa tochi, gari haliondoki mpaka tubanane kama tulivyo. Bwana mmoja wa jezi kashika mpini juu ya mlango, kwapa lake usawa wa pua yangu. Nikaomba kioo kiteremshwe. Mama mwenye dumu la mawese miguuni akageuka, akanikazia macho mimi.

Yule bwana akatikisa kichwa kwa masikitiko, mkono ungali juu: “Watu hawaogi siku hizi, mzee.”